Kaka Alipofaulu Kipimo cha Kusahau

Kaka yangu ana usonji. Neno hilo tulilipata yeye akiwa na mvi tayari. Kabla ya hapo, hapa Gongoni waliomwita mzito walikuwepo, na waliosema ana mashetani pia. Miaka nenda miaka rudi alichambua karanga za biashara ya mama, nzima huku, mbovu kule, na ole wako uguse ungo wake. Kisha akaanza kuzichanganya alizokwisha kuzitenga. Akawa anasimama katikati ya ua, hajui alikuwa anaelekea wapi.

Nilimpeleka hospitali. Daktari aliniambia, "Mama, si ndivyo alivyozaliwa?" Nilitaka jambo moja tu: mtu anayejua anithibitishie kwamba kaka anapotea, anieleze na la kufanya.

Ndipo akaja mtafiti, binti mpole kutoka Dar. Mradi wao ulitaka kujua kama wenye usonji wakizeeka wanapata maradhi ya kusahau. Atakayeonyesha dalili angepelekwa kwa daktari bingwa. Alituachia mfano wa maswali ili kaka asishtuke siku ya kupimwa, na hapo ndipo tulipoharibikiwa. Shangazi yetu ni mwalimu mstaafu, na kwake swali likijulikana mapema ni la kufundishwa. "Mtoto wa nyumba hii hafeli," alisema, akamkalisha kaka barazani kila asubuhi. Akamkaririsha majibu: tuko Tabora; embe, kikombe, baiskeli. Nilimwambia, "Shangazi, hiki si kipimo cha kufaulu." Akasema nimwachie kazi yake.

Siku ilipofika kaka alijibu yote kama redio. Binti akaandika hana tatizo, shangazi akachinja kuku. Mimi nilikaa jikoni nikalia.

Nilimpigia binti nikamweleza. Hakukasirika. Alisema atampima upya awamu ya pili, kwa maswali mengine. Miezi ikapita, nikapiga tena. "Shikamoo mama," alisema, sauti imelegea. "Awamu ya pili haipo. Wafadhili wamehamishia fedha kwenye usonji wa watoto." Nikamuuliza, kwani hao watoto hawatazeeka? Kibarua chake nacho kilikuwa kimeota nyasi, ningemlaumu vipi?

Shangazi bado anawaambia wageni kwamba kaka alipimwa na wataalamu na akili zake ni timamu. Nimechoka kubishana naye. Mwenye macho haambiwi tazama.

Tangu utoto kaka hakukubali kuguswa. Hata mama alikuwa akimtengea maji na sabuni, kisha anatoka. Wiki iliyopita nilimkuta uani amejikojolea. Nikamshika mkono huku nikijikaza, maana nilijua atanisukuma. Hakunisukuma. Aliniacha nimvue, nimwogeshe, nimfunge kanga yangu, mkono wake umetulia ndani ya wangu. Jirani aliyekuwa akianika nguo alitabasamu.

"Mungu mkubwa, dada. Kaka yako kapona."

"Mungu mkubwa," nikaitikia, nikaendelea kumfuta mgongo.