Biskuti Zilizoungua Chini

Kama kuna mtu aliyewahi kumsikia Bi Kasoro akisifia kitu, ajitokeze, maana sisi tuliomjua hatukupata bahati hiyo. Jina lenyewe alilipatia kazini. Alikuwa kwenye chumba cha kufulia cha hoteli kubwa huku ng'ambo, upande wa mashuka. Mashine inapiga pasi, yeye amesimama upande wa pili, anapokea shuka likiwa bado la moto, analitandaza mbele ya taa na kutafuta doa, tundu, uzi uliochomoza. Akiona anatamka neno moja tu, "kasoro," na shuka linarudishwa lilikotoka. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya kutwa, na jioni alirudi nyumbani na mdomo ule ule.

Nyumbani kwenyewe ni ghorofa ya tatu, vyumba viwili vya kupanga na jiko ambalo watu wawili wakiingia mmoja lazima atoke kinyumenyume. Alikaa humo na Dereva, mtoto wa mama yake mdogo, aliyekuwa anaendesha gari la kusambaza fanicha, pamoja na mke wa Dereva. Huyu mke ndiye wifi yake, na wifi alikiona cha mtema kuni. Chai ya wifi ilikuwa ya rangi ya maji ya kuoshea vikombe. Mapazia ya wifi yalikuwa mafupi upande mmoja. Wifi alikuwa mtu wa kutabasamu, akameza, akaendelea kumeza.

Ila ugonjwa mkubwa wa Bi Kasoro ulikuwa biskuti. Mama yake, huko nyumbani, alioka biskuti za tangawizi kwenye tanuri la udongo nyuma ya nyumba na kuziuza kwenye geti la shule. Ndizo zilizomlea yeye na kaka yake mkubwa. Zilikuwa ndogo, nyeusinyeusi na ngumu kiasi kwamba ukiuma moja, aliye chumba cha pili anajua unakula nini. Bi Kasoro alizunguka mji wote wa ugenini akitafuta kitu kinachofanana nazo. Za madukani zilikuwa laini kama sifongo. Karibu na stesheni palikuwa na duka la mgeni mwenzetu, aliyeandika mlangoni kwamba ana kila kitu cha nyumbani. Bi Kasoro alimnunulia pakiti moja, akaona tarehe yake imepita, akamsemea mbele ya wateja mpaka yule bwana akawa akimwona anavuka barabara anageuza kibao kionyeshe pamefungwa. Mwenzake wa kazini alimletea bati zima kutoka mji mwingine, kwa mapenzi tu. Alikula moja, akashukuru, akasema aliyezioka alisimuliwa habari za tangawizi kwa simu.

Wifi naye, kwa kujipendekeza au kwa wema, sijui, aliamua kuoka. Alijaribu zaidi ya mara moja. Mara ya mwisho palikuwa na wageni sebuleni, na sahani ilipofika mbele ya Bi Kasoro aliivunja biskuti, akainusa, akairudisha.

"Wifi," alisema, "siku mama akiniletea zake nitakupa uonje, ujue biskuti ni nini."

Wageni walicheka, kwa sababu ukicheka na Bi Kasoro unakuwa na hakika kwamba anayechekwa si wewe. Wifi alitabasamu, akabeba sahani yake akaenda jikoni. Alikaa huko kwa muda mrefu kuliko kazi iliyokuwepo.

Sasa kulikuwa na mfanyabiashara mmoja wa vipuri vya magari vilivyotumika, mtu wa kwenda na kurudi, ambaye hakatai mzigo wa mtu. Mama aliposikia anasafiri, akawasha tanuri. Kifua kilikuwa kinamsumbua tangu mwanzo wa mwaka na daktari alishamkataza moshi, lakini nani wa kumzuia. Alhamisi akampigia mwanawe, akamwambia bati limeondoka. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepanda ngazi.

"Ila macho yangu siku hizi hayana kazi," mama alisema. "Sijui kama zimeungua. Ukizila unipigie uniambie kweli. Usinifiche."

Bi Kasoro alimuuliza ni lini yeye aliwahi kumficha mtu kasoro yake. Wakacheka wote wawili, mama akikohoa katikati ya kicheko.

Ijumaa jioni mama alikaa kwenye benchi nje ya nyumba kupunga upepo, na hakuinuka tena. Kaka mkubwa alipiga simu ng'ambo, lakini hakumpigia dada yake. Alimpigia Dereva akiwa njiani na kabati la watu mgongoni mwa gari. Akamwambia yaliyotokea, na kabla Dereva hajaweza hata kutoa pole akampa na amri: dada asiambiwe. Kibali chake cha kuishi kilikuwa kinashughulikiwa, pasipoti iko ofisini kwa watu, na akiondoka sasa bila kibali kipya hataruhusiwa kurudi. Na huku nyumbani, kaka alisema, wote wanategemea pesa anazotuma dada. Watazika Jumapili, halafu yeye mwenyewe kama mkubwa atamwarifu kwa utaratibu.

Dereva ni mtu wa kupandisha friji ghorofa nne peke yake, lakini mzigo huo ulimshinda hata kufika nao mlangoni. Alimvuta mkewe jikoni akamwambia. Wifi alisema papo hapo kwamba aambiwe, mama ni wake, kibali ni chake, aamue mwenyewe. Dereva akambembeleza, akasema kaka mkubwa ameshakata shauri na yeye ni nani wa kulivunja.

"Haya," wifi akasema. "Ni ndugu zenu."

Na mlango wa mbele ukafunguka, Bi Kasoro akaingia akiuliza nani ameacha viatu katikati ya njia. Tangu hapo angeweza kuambiwa kila dakika, na kila dakika ilipita.

Jumamosi mfanyabiashara wa vipuri alileta bati mwenyewe. Naye hakuwa na habari, alikuwa angani wakati watu wanalia. Bi Kasoro alipiga magoti kwenye zulia na kulifungua kwa kisu cha mezani, ulimi ukiwa nje pembeni ya mdomo kama mtoto anayejifunza kuandika. Harufu ya tangawizi ikajaa sebule. Dereva akasema anakwenda kuangalia gari. Mkewe akamwambia gari halina tatizo, akae.

Bi Kasoro akauma, akatafuna macho yamefumbwa, halafu akaigeuza biskuti na kuitazama chini.

"Zimeungua," akasema, akaangua kicheko mpaka machozi yakamtoka. Alizichambua moja moja kwa furaha ambayo hatukuwahi kuiona usoni mwake. Hii imeungua, hii nayo, hii ndiyo imekuwa mkaa kabisa. Mama amezeeka, alisema, mama ameniunguzia. Huku anazila. Mtu ambaye hata chumvi huwa anakupimia akaanza kugawa. Alimpa Dereva mbili, na Dereva aliweka moja mdomoni ikakaa humo, shavu limevimba, akishindwa kutema na kushindwa kumeza.

"Wifi, onja," Bi Kasoro alisema. "Hata zikiungua, hizi ndizo biskuti."

Wifi aliipokea. Alimtazama usoni, akala yote, akafuta makombo kwenye midomo kwa kidole. Kisha akanyoosha mkono mwenyewe kwenye bati na kuchukua ya pili.

Bi Kasoro alipiga simu kwa mama siku ile ile, kama alivyoombwa. Iliita mpaka ikakata. Akapiga tena. Dereva alisema mtandao wa kule unasumbua, amesikia hivyo kwa watu. Kwa kawaida Bi Kasoro angemuuliza ni watu gani hao na wamesikia wapi, lakini siku hiyo alikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha hudanganywa kwa urahisi. Alisema atajaribu kesho.

Kesho yake ni Jumapili, hana zamu. Simu ikaita tena bila jibu, akaona asihangaike, atume ujumbe wa sauti, mama atausikia mtandao ukikaa sawa. Alisimama dirishani na biskuti mkononi akaongea kwa sauti yake ya kazini, ile ya kushindana na mashine.

"Mama, zimefika. Uliniambia nikwambie kweli, basi nakwambia: umeunguza. Zote zimeungua chini, na tangawizi umemimina kama unatafuta ugomvi. Umezeeka, bibi wewe. Ungekuwa kazini kwetu ningekurudisha. Usisingizie macho. Uniokee nyingine, na safari hii usisinzie tanuri likiwaka."

Akamalizia kwa kuuma biskuti karibu kabisa na simu ili mama asikie, akautuma. Dereva alitoka bafuni na povu la kunyolea upande mmoja wa uso, akasimama pale mlangoni. Alirudi ndani akampigia kaka mkubwa. Simu ya kaka mkubwa ilikuwa imezimwa, kwa sababu alikuwa makaburini.

Hapo inabidi niseme jambo ambalo hata Dereva hakulijua. Kule nyumbani watu waliuliza binti yuko wapi, mbona hata sauti yake haisikiki, na kaka mkubwa, kwa kuwa hakuweza kusema kwamba amemficha, aliwaambia amearifiwa. Akasema dada amejibu kwamba kazi haimruhusu. Wazee waliguna, mama mdogo akalia upya, na mambo yakaishia hapo. Uongo ulikuwa mwepesi sana kusema, naye alikuwa na mambo mengi siku hiyo.

Walipotoka kuzika, simu ya marehemu ilikuwa rafuni inachajiwa. Mama mdogo, yule mama mzazi wa Dereva, aliichukua atafute namba za watu wa kuwashukuru, akakuta jina la mtoto aliye ng'ambo na ujumbe wake wa sauti. Moyo ukamlainika. Alidhani mtoto amepata maneno hatimaye, ameiachia simu ya mama yake buriani. Akawanyamazisha watu. Sebule nzima ikatulia, hata waliokuwa jikoni wakaja mlangoni. Akaongeza sauti mpaka mwisho, akaiinua simu juu ili na waliokaa nje wasikie.

Walisikia yote, pamoja na mlio wa biskuti. Jirani mmoja aliyekuwa analia tangu Ijumaa alinyamaza.

Mchana ule Bi Kasoro alikuwa mezani na chai yake, wifi anapanga nguo, Dereva amekaa na gazeti asilolisoma. Simu ikalia, jina la mama juu yake, ujumbe wa sauti. Bi Kasoro akapiga meza kwa kiganja, akasema huyo, kachokozeka, sasa msikie nitakavyotukanwa. Akaweka spika.

"Udongo wa mama yako haujakauka," ilisema sauti ya mama mdogo. "Tumemzika asubuhi. Uliambiwa, ukasema kazi haikuruhusu, tukanyamaza. Kumbe ulikuwa unakula. Tangu Alhamisi mama yako alikuwa anauliza kama utampigia umwambie zimeungua. Haya, umemwambia. Tumekusikia wote."

Bi Kasoro aliurudia ujumbe tangu mwanzo. Akaurudia tena, kichwa kimeinama upande, akiutafutia mahali ulipokosewa. Kisha akamtazama Dereva, na Dereva akatazama zulia.

"Mlijua lini?"

"Ijumaa," Dereva alisema, akaanza habari ya kibali, pasipoti, kaka mkubwa, nia njema.

Bi Kasoro hakumsikiliza. Alimgeukia wifi. "Jana nakula, mlikuwa mnajua?"

"Tulikuwa tunajua."

"Na wewe ukala."

"Uliniambia nionje," wifi alisema, "nijue biskuti ni nini."

Neno hilo alikuwa amelitunza kwa miezi, na nadhani alitegemea litamburudisha. Halikumburudisha. Mikono yake ilianza kukunja shati lililokwisha kukunjwa.

Bi Kasoro hakulia wala hakumrukia mtu. Alimwambia Dereva ampigie mama yake mzazi sasa hivi, amwambie kwamba yeye hakuambiwa. Hakuomba kingine chochote. Dereva aliishika simu, akaitazama, akairudisha mezani. Alisema kaka mkubwa ataonekana mwongo mbele ya msiba. Alisema wangoje watu watawanyike kwanza.

Basi akapiga mwenyewe. Mama mdogo alipokea, akasikiliza sentensi ya kwanza, akamwambia kwamba kila asiyefika mazikoni huwa na sababu, akakata. Alipopiga mara ya pili, haikupokelewa.

Alikaa. Chai ilikuwa imepoa. Akachukua biskuti iliyokuwa kwenye kisahani, akaila taratibu mpaka ikaisha, na sehemu yake iliyoungua akaila, akiwatazama wale wawili bila kuwaona. Halafu akalifungua jina la mama na kubonyeza pa kurekodia.

"Mama, hazikuungua," alisema. Sauti ilikuwa ndogo, si ile ya kazini. "Nilikuwa nakutania. Hazikuungua hata kidogo."

Akautuma, akaiweka simu mbele yake na kuisubiri. Jibu halikuchelewa. Lilikuwa la maandishi, kutoka kwa kaka yake, akimtaka aache kutuma sauti kwenye simu ile, kwani nyumba imejaa watu.