Fundi Aliyemlilia Mbeba Taa

Kumwita mtu mzima, mwenye afya na hamu nzuri ya chakula, kwa jina la Marehemu, si jambo la adabu. Hata hivyo, hilo ndilo jina la fundi cherehani mmoja ambaye chumba chake kinatazamana na duka la dawa. Mteja mgeni akielekezwa, "Nenda kwa Marehemu, atakupunguzia hiyo suruali," husita kidogo kabla ya kugonga mlango. Mwenyewe huitika bila kinyongo: "Karibu ndani, nipo, bado sijazikwa." Jina hilo hakulipata kwa ugonjwa wala kwa ukondefu, ingawa ukondefu anao wa kutosha. Alilipata kwa sababu ya kitabu cha vijana, na ukimuuliza atakwambia kwamba alilistahili.

Chanzo kilikuwa mpwa wake, binti wa dada yake, aliyezoea kufanyia kazi za shule kwenye meza ya kupigia pasi. Siku moja aliisahau pale juzuu ya kwanza ya hadithi ndefu ya vitabu kadhaa. Fundi aliifungua ili akague kama inamfaa mtoto, na ukaguzi wake ulikuwa makini kiasi kwamba hakuacha hata ukurasa mmoja. Siku hiyo kitabu kilimalizika, sare za wateja hazikumalizika. Hadithi yenyewe ilihusu nchi iliyoibiwa jua, na vijana watatu waliokwenda kulitafuta gizani wakiongozwa na mzee aliyeitwa Mbeba Taa. Mzee huyo alikuwa mwoga wa kupindukia. Kila aliposikia mlio alizima taa na kutimua mbio, akiwaacha watoto wa watu wakipapasa. Fundi alimchukia kwa moyo wake wote. Jioni moja alimsimulia mkewe vituko vya mzee yule: goti bovu, manung'uniko yasiyokwisha, usingizi mara tu baada ya kula. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Huyo mwandishi alikuja lini hapa nyumbani?"

Miaka ikapita, juzuu zikafuatana, na wasomaji wakaongezeka. Juzuu ya mwisho ilipotoka, mpwa alikuwa amemaliza shule na anasubiri kwenda chuoni, katika mji wa mbali. Pamoja naye alikuwapo kijana wa sekondari waliyemwita Mrefu, ambaye hakuwahi kuingia chumbani mle bila kugonga kichwa, na dada muuza dawa wa ng'ambo ya barabara. Walichanga wakanunua nakala moja, wakakubaliana kuisoma kwa sauti, kwa zamu, kila Jumamosi alasiri kwa fundi, na mtu asitangulie mbele hata kwa mstari.

Ulinzi alikabidhiwa fundi. Kila waliposimama, aliyazungushia makaratasi ambayo hayajasomwa mkanda wa kitambaa, akaziunga ncha zake kwa mshono wake mdogo mdogo, usiofunguka ila kwa kukatwa. "Hata benki hawana kufuli kama hili," alisema Mrefu, na fundi akavimba kichwa. Hakuna aliyekumbuka, wala yeye hakuona haja ya kuwakumbusha, kwamba mshono ule ambao wengine wote wasingeweza kuuiga, yeye angeweza kuurudia akiwa amefumba macho.

Ikaja Jumatano ya mvua. Mteja hakuna, umeme umekatika, na kitabu kipo rafuni kinamtazama. Fundi akawaza kwamba unyevu huozesha uzi, na kwamba mlinzi mwaminifu hana budi kuukagua mkanda. Akaukagua kwa mkasi.

Aliahidi nafsi yake ukurasa mmoja tu. Nafsi yake, ambayo imemzoea, haikumwamini. Kurasa nyingi baadaye alifika mahali ambapo wanyama wa giza wamewazingira vijana, na Mbeba Taa, badala ya kuizima taa, anaupandisha utambi, anashika njia ya upande wa pili na kuanza kuimba kwa sauti yake mbaya. Wanyama wote wakaufuata mwanga. Watoto wakavuka salama gizani. Taa ikaonekana mbali, ikaonekana mbali zaidi, kisha haikuonekana.

Fundi alilia. Wala hayakuwa machozi ya kiungwana yanayopanguswa kwa ncha ya kidole. Ilikuwa kwikwi, uso umezama ndani ya koti la bwana harusi mtarajiwa. Katika hali hiyo akaingia mama mmoja aliyefuata gauni lake.

"Ee, pole, fundi! Umefiwa?"

"Mzee mmoja, mama. Tumekuwa naye miaka mingi."

"Masikini. Alikuwa na kazi gani?"

"Alikuwa anabeba taa."

"Wa shirika la umeme?"

Fundi aliona ni rahisi zaidi kukubali. Mama yule akampa pole ya shirika zima, akaondoka bila hata kulitaja gauni, ambalo lilikuwa bado vipande vipande. Fundi akamaliza kitabu, akaurudishia mkanda mshono, na kazi ikawa safi mno hata akajipongeza. Mtu hujipongeza kwa mambo ya ajabu.

Jumamosi wote walifika. Ilikuwa zamu ya Mrefu kusoma, na sehemu yenyewe ilikuwa ya Mbeba Taa kusikia kijiti kikivunjika na kutoroka kwa mara nyingine.

"Huyu mzee ni takataka," alisema muuza dawa. "Ningemwekea kitu kwenye chai alale moja kwa moja."

"Dozi mbili, dada," akaitikia Mrefu. "Fundi, vipi leo? Mbona hutukani? Si ndiyo zamu yako?"

Kwa kawaida fundi ndiye aliyeongoza matusi hayo. Siku hiyo alisimama, akasafisha koo, na kwa sauti ya mtu aliyeombwa kutoa wasifu kaburini, akasema, "Jamani, tusimseme vibaya marehemu."

Mrefu akakishusha kitabu.

"Marehemu nani?" aliuliza mpwa wake, polepole.

Fundi akavua miwani yake, akaipangusa. "Nimesema mzee. Wazee wote si... ni marehemu watarajiwa?"

"Mjomba."

"Naam."

"Umeukata mkanda."

"Nilikuwa nakagua unyevu," alisema fundi, na hata yeye mwenyewe, alipoyasikia maneno hayo, hakuyaamini.

Binti akasimama. "Mwezi mzima nimejitoa kwenye makundi yote ya simu. Rafiki yangu nimemkimbia njiani nimeziba masikio kama kichaa, asiniambie mwisho. Kumbe mwizi yuko ndani, tena ndiye mlinzi!" Akachukua mkoba wake akatoka.

Mrefu alisubiri kidogo kwa heshima. "Sasa, anakufaje?"

Muuza dawa akamchapa kwa futi ya kupimia, akamtoa nje kwa mkono, na Mrefu akagonga kichwa mlangoni.

Fundi alibaki na kitabu mapajani. Safari ya chuo ilikuwa karibu, na zimebaki Jumamosi chache. Kama binti asingerudi, basi kile kitu pekee walichokuwa nacho wao wawili tangu akiwa mtoto wa kutafuna penseli kingeishia hapo, na aliyekiua ni yeye mwenyewe, kwa mkasi wa kazini.

Kesho yake akaenda nyumbani kwa dada yake. Dada mtu alifungua mlango, akamtazama kuanzia viatu hadi upara, akageuka na kuita ndani, "Mwanangu, Marehemu amefika!" Habari zilikuwa zimemtangulia, na jina pia.

Binti alikuwa anakunja nguo za safari. Fundi alikuwa ameandaa hotuba yenye sababu na vifungu. Aliyoitoa ilikuwa fupi. "Nimekuharibia, mama. Nilishindwa kujizuia. Mtu wa umri wangu, kwa kitabu cha watoto."

"Si cha watoto," alisema binti, bila kuinua macho.

"Si cha watoto," fundi akakubali haraka.

"Na siyo kwamba umeniambia anakufa. Hata mimi nilishahisi. Lakini umemaliza bila mimi, mjomba. Ulilia?"

"Nusura niharibu koti la watu."

"Peke yako?"

"Kuna mama alinipa pole. Anadhani ni fundi wa umeme."

Binti alijitahidi kununa, midomo ikamsaliti. Hukumu ikatoka hapo hapo: wataendelea Jumamosi, mkanda utashonwa na muuza dawa, ambaye mishono yake hufanana na ya jeraha, na kisa cha kifo kitasomwa na mshtakiwa mwenyewe, mbele ya wote, bila kuruka neno.

Alikisoma. Miwani yake ilijaa ukungu mara kwa mara, na kila mara Mrefu alisema, "Twende, Marehemu, twende," mpaka taa ilipoanza kwenda mbali; hapo hata Mrefu akanyamaza. Muuza dawa aliyetaka kumlaza mzee kwa chai alihitaji kitambaa, akapewa kipande cha bitana. Mpwa alilia waziwazi, bega lake likiwa limegusana na la mjomba wake.

Jumamosi ya mwisho walimaliza, na ugomvi ukazuka hapo hapo. Mrefu alidai ameibiwa: jua limerudi kwa kurasa mbili tu, baada ya miaka yote hiyo! Muuza dawa akasema jua lingebaki huko huko, maana furaha ile imepakwa kama rangi mbichi. Binti akasema mwisho ni mzuri, ila haukupaswa kuwa mwisho.

"Mjomba, wewe unasemaje?"

"Mimi nimepigwa marufuku kutoa maoni."

"Leo umeruhusiwa."

Fundi akakifunga kitabu. "Mimi ningemrudisha mzee," alisema. "Hata kama ni mwoga. Hata kama ni kwa kurasa mbili."

Wakamzomea wote watatu kwa pamoja, kwamba huo ni ujinga, ni kuharibu hadithi, na kwamba hajui kitu. Binti akamtupia blauzi ya safari iliyodondoka kifungo. Fundi akatunga sindano na kushona taratibu huku wakiendelea kubishana juu ya kichwa chake. Akauzungusha uzi chini ya kifungo, akapiga fundo, akakivuta kuhakikisha kimeshika, kisha akaikunja blauzi na kuiweka juu ya mkoba.