Mitungi Iliyonyamaza

Mwaka ule maji ya mfereji yalipotea mtaani kwetu Muthangari wiki baada ya wiki, na chekechea yetu ikaishi kwa mitungi. Ilikuwa midogo, ya plastiki, iliyowahi kubeba mafuta ya kupikia, nami niliipanga ukutani nje ya darasa: huu wa kunawa, huu wa choo, huu wa vikombe. Kazi yangu ikawa kufoka. Usiguse. Usimwage. Watoto walinisikiliza kama wanavyosikiliza redio ya jirani.

Asubuhi moja nilitoka nifoke tena, nikamkuta binti wa miaka mitano akiigonga kwa mwiko wa jikoni. Mtungi mtupu uliunguruma. Wa nusu ulitoa sauti nyembamba. Uliojaa ulisema du tu. Akaisogeza, akagonga tena, sikio karibu. Kufikia saa ya uji wenzake walikuwa wakimfuata kwa makopo ya maharagwe na ndara, na wimbo ambao hakuna aliyewafundisha ukaanza kutembea uani. Nilisisimka mwili mzima. Nilikuwa nimeimbisha watoto miaka mingi, sikuwa nimewahi kuuona wimbo ukizaliwa.

Baba yake, mtu wa ofisi mjini, hakufurahi. "Mwalimu, wenzake huko Karen kwa matajiri wanasoma vitabu. Huyu wangu anapiga mitungi, na intavyu ya darasa la kwanza iko karibu." Alikuwa ameshampatia nafasi chekechea nyingine. Nikamsihi aje Ijumaa, asikie kwanza. Akakubali shingo upande.

Alhamisi jioni maji yakarudi. Mpishi wetu, kwa furaha, akajaza mitungi yote hadi shingoni.

Ijumaa binti akagonga wa kwanza: du. Wa pili: du. Akaniangalia.

"Tichaa, imenyamaza."

Baba yake alikuwa tayari anaingia langoni.

Mimi sikuwa na la kufanya. Binti alikuwa nalo. Aliwapanga wenzake wawili wawili, mmoja amimine, mwingine anawe. "Wewe osha hapa. Wewe, hii." Akagonga, akasikiliza, akatikisa kichwa. "Bado. Osha tena." Hakuna aliyebisha, na hao ndio ninaowabembeleza kila siku wanawe kabla ya uji. Maji yalitiririka hadi kwenye maua, na mtungi mmoja mmoja ukaanza kurudiwa na sauti yake. Nilistaajabu mpaka nikaogopa. Wimbo wote ulikuwa kichwani mwake, na alijua kila mtungi unadaiwa maji kiasi gani.

Baba alisimama kando, akitazama saa. Ulibaki mtungi mmoja, na wenzake vidole vilikuwa vimekunjamana kwa maji.

"Dadi, kuja uoshe mikono. Hii ndiyo imebaki."

Baba akanitazama. Kisha akavua saa, akakunja mikono ya shati, akachutama kando ya mtungi na kunawa. Binti akagonga, akasikiliza.

"Bado," akamwambia.

Akanawa tena.