Magimbi ya Mama Pichani

Kamera ile ilikuwa kubwa kama mzinga wa nyuki, na aliyeibeba mgongoni kutoka Lushoto hadi mtoni kwetu, chini ya Vuga, ni mimi, mtu mzima mwenye mke. Mzungu mwenye kamera aliniambia anapiga picha za maji kwa ajili ya kitabu cha kwao. Nikaamini. Miezi mitatu tulipanda na kushuka pamoja, tukijifunika kitambaa kimoja cheusi kutazama kioo cha nyuma, ambamo dunia huonekana miguu juu kichwa chini.

Siku hiyo maji yalikuwa yakiporomoka kwa kishindo. Kiooni niliona mwamba na povu tu. Nikamwambia, "Bwana, sogeza kushoto kidogo." Kushoto kulikuwa na magimbi ya mama, aliyoyapanda ukingoni kabisa, yaliyotulisha kila mahindi yalipokauka. Nilitaka yaingie. Nilijivunia. Upepo ulikuwa ukiyatikisa, tukangoja karibu saa nzima hadi majani yakatulia, ndipo akafungua lenzi nami nikahesabu hadi ishirini.

Jioni nilimsimulia mama yote, hata habari za upepo. Alicheka, akauliza kama magimbi yake yatafika Ulaya.

Yalifika barazani. Wiki chache baadaye serikali ilikataza kulima kando ya mito, na wazee wetu, walipoitwa kwenye baraza hilo, wakaapa kwamba huko halimi mtu. Bwana shamba akaitundika picha ukutani. Maji, yaliyokuwa yakikimbia muda wote nikihesabu, yalitoka meupe kama maziwa, hayana umbo. Magimbi yalitoka jani kwa jani. Mzungu wangu aliketi pembeni akifuta miwani. Hakunitazama. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Sisi nguo ilikuwa moja. Nilimchukia palepale, na mpaka leo sijaacha.

Kesho yake magimbi yaling'olewa, mama akiwa amesimama hapohapo. Nilimfuata jikoni.

"Shikamoo, mama."

Alikuwa akimenya yale yaliyobaki, madogo, hayajakomaa. Alimenya matatu kabla ya kuinua uso.

"Hebu nieleze tena, mwanangu," akasema. "Mlingoja upepo utulie ili iweje?"