Simu Isikie, Mwalimu Anyamaze

"Huyu anaongea na nani?" aliuliza bibi mmoja niliyekaa naye kwenye benchi la ofisi moja hapa Sumbawanga. Sote tulikuwa tunasikiliza.

Mlango ulikuwa wazi. Ndani, ofisa kijana alikuwa ameshika simu mdomoni kama anayepuliza uji wa ulezi, anatamka barua pepe ili simu imwandikie. "Kuhusu mwalimu wa Mtowisa anayeomba kuhamia mjini, koma, mwombaji hajawahi kufika ofisini kutoa maelezo, koma, hivyo napendekeza ombi likataliwe. Nukta."

Mwanamke aliyekuwa upande wangu wa pili akasimama, viatu vikiwa na vumbi la bondeni. Tangu asubuhi alikuwa akitusimulia kwamba mwanawe ana sikoseli na kliniki yake iko huku mjini.

"Samahani kaka, mwalimu mwenyewe ndiye mimi. Nimetoka huko bondeni Mtowisa kuja kutoa maelezo."

Ofisa hakugeuka. Aliinua kidole tu. "Mama, nyamaza kidogo. Simu itaandika na maneno yako."

"Si ndiyo vizuri," akasema mwalimu. "Iandike."

Ofisa akainuka, akafunga mlango, akaendelea kutamka.

Kwenye midahalo ya chuo nimetetea sana teknolojia maofisini, na sifuti neno. Simu ile ilikuwa tayari kumsikia mwalimu. Aliyekataa ni mtu mwenye masikio mawili, tena yaliyoajiriwa kwa kazi hiyo.

Ndugu ofisa, kama hujaituma barua ile, naomba umwite kwanza mwalimu ndani umsikilize.