Mchumba Niliyemtungia Dada Yangu

Dada yangu anaishi peke yake Lupembe, kwenye nyumba ya wazazi wetu iliyozungukwa na chai. Anakaribia miaka themanini na hajawahi kuolewa. Asubuhi huchuma majani, huyafikisha kituo cha kupimia kabla lori la kiwanda halijafika, kisha hurudi, hufunga mlango na kuandika. Harusini haendi. Kanisani hukaa benchi la nyuma na kuondoka watu wakiwa hawajaanza kusalimiana. Mashairi yake yamo kwenye madaftari ya shule, na kwa miaka mingi msomaji wake nilikuwa mimi tu.

Mimi ndiye niliyeyatoa nje. Nilikuwa karani Njombe mjini, na kwa kuwa nilimaliza kidato cha nne na sauti yangu haikuwa mbaya, nilizoea kuitwa misibani kusoma wasifu wa marehemu. Siku moja, huko Makambako, marehemu alikuwa kijana na wasifu wake ulijaza nusu ukurasa tu. Nikatoa mfukoni shairi la dada kuhusu baridi ya Julai: mwanamke amefunga mlango, ukungu umefunika shamba, hakuna anayepiga hodi. Nililisoma polepole, nikivuta kila mstari. Watu wakalia. Baadaye mama mmoja aliyekuwa akimenya viazi akaniuliza mwandishi huyo alipatwa na nini. Ningeweza kusema hakupatwa na kitu. Nikasema mchumba wake alifariki wiki mbili kabla ya ndoa, na tangu hapo hakutoka tena.

Hakukuwa na mchumba. Niliona shairi linahitaji sababu, na nakiri nilipenda kuonekana mtu mwenye siri.

Uongo ule ulinishinda mbio. Familia zikaanza kuniomba shairi la yule mama aliyefiwa na mchumba. Nikawa nachagua yanayofaa kaburini, na ya kuchekesha nikayaacha, likiwemo la jogoo wa jirani anayewika saa nane mchana. Hivyo dada akawa mshairi wa misiba kuanzia Makambako hadi Kidugala, bila yeye kujua.

Mwaka huu alinijia mwalimu wa sekondari anayetaka kuyachapa mashairi hayo kitabuni. Utangulizi alishauandika: jinsi kifo cha mchumba kilivyozaa kila ubeti. Aliomba nimpeleke kwa dada athibitishe. Nikajua kikichapwa hivyo, hakuna atakayemsoma dada kwa namna nyingine tena. Tukaenda Lupembe, na kabla chai haijamiminwa nikasema yote mbele yao wawili.

Mwalimu aliweka kalamu chini. Dada alinitazama.

"Alikuwa na kazi gani, mchumba wangu?"

"Mpasua mbao."

"Na kilichomwua?"

"Kifua."

"Mdogo wangu, hata wa kubuni ukashindwa kunitafutia mwenye afya?"

Alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga. Kisha akasema, "Umenililia miaka yote hiyo, na mimi niko hapa nimeshiba." Hilo liliniingia. Nilimwomba radhi, naye akanisogezea kikombe.

"Sasa bibi, niandike nini?" mwalimu aliuliza. "Kwa nini ulijitenga?"

"Watu wakiingia wanaongea. Napenda kukaa kwangu. Andika hivyo."

"Wasomaji wataona ni sababu ndogo."

"Kwao ni ndogo. Mimi imenitosha maisha mazima."

Akanipa daftari nisome lile la Julai. Nikaanza kwa sauti yangu ya misibani.

"Usivute," akanikatiza. "Hapo anafurahi. Viazi vinaiva na hakuna wa kugawana naye."

Nikarudia upesi, kama mtu anayesoma barua ya nyumbani, na kwa mara ya kwanza nikamsikia mwanamke aliyeridhika kwamba hodi haipigwi. Mwalimu akacheka pale pale ambapo Makambako walilia. Kisha akaukunja utangulizi wake, akautia mfukoni, na kuuliza kama kuna madaftari mengine.