Mtani Wetu na Banda la Mbwa

Jamani, mpaka leo nikikumbuka lile banda la mbwa pale Tabora, damu inanichemka. Ilikuwa enzi za Mwingereza. Bibi mmoja mzungu, mke wa bwana mkubwa wa serikali, aliwaonea huruma mbwa koko wa sokoni, akaomba msaada, na watu wakatoa kweli. Mwenye duka alitoa bati, misheni wakatoa mbao, hata sisi wauza uji tukaambiwa tulete makombo. Mbwa wakapata paa kabla ya mvua.

Jirani na hapo, kwenye baraza la duka lililofungwa, alikuwa akilala mzee mmoja Mzaramo. Ujanani alibeba mizigo ya misafara kutoka pwani, miguu ikamharibikia kwetu, akabaki. Asubuhi nilimpa uji. Kumlaza sikuweza, chumba chetu kilikuwa kimoja, na mama mkwe humohumo.

Siku ya kufungua banda, mzee alijikongoja mpaka mbele. "Mama," akamwambia yule mzungu, "niweke na mimi humu. Mvua itaniua."

Watu wakaangua kicheko! Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara. Mzaramo akitulilia njaa, tunamwambia afe upesi turithi kanzu yake. Mzungu akauliza mzee kasema nini. Karani wake, Mnyamwezi mwenzetu, akamjibu kwa Kiingereza, kisha akatugeukia akicheka: "Nimemwambia huyu anatutania tu." Bibi naye akacheka.

"Hatanii huyo!" nikapiga kelele. "Hebu itazameni miguu yake!"

"We mama, mtani hakasirikiwi," wakanijibu. Nilitamani kuwamwagia uji.

Mvua ilianza wiki ileile. Nilimkuta barazani asubuhi, kalowa chapachapa, amekwisha kuwa baridi.

Mazishini karani alikuja kama ilivyo ada ya watani, kumwigiza marehemu. Akajilaza kwenye jamvi, akajikunyata. "Mama, niweke na mimi humu!" Watu wakacheka tena, msibani!

Nikaenda kusimama karibu na kichwa chake. "Malizia basi," nikamwambia. "Alisema nini tena?"

Karani akainuka jamvini, akaanza kujikung'uta vumbi. Kicheko kikakatika.

"Mvua itaniua," nikamalizia mimi. "Ndivyo alivyosema."